Viuno vya Vunja Kiti

Ukitaka Fundi Kola akushonee nguo haraka, isifie Vunja Kiti. Ukitaka nguo yako ilale kabatini wiki tatu, muulize kama bendi ile bado ipo. Wateja walilijua hilo, na wajanja walilitumia. Kwa kazi yake alikuwa fundi hasa, mtu wa kola zinazosimama zenyewe, na jina la utani lilitoka huko. Lakini ukimsikiliza ungedhani alizaliwa awe wakili wa wanamuziki sita ambao hawakuwahi kumtuma awatetee.

Chumba cha kazi alikichangia na Dobi, rafiki yake wa tangu ujana, ambaye baadaye akawa shemeji yake pia, maana Fundi alimwoa dada yake. Upande wa mlangoni palikuwa na cherehani na meza ya kukatia. Upande wa ndani palikuwa na mabeseni matatu, meza ya pasi, na waya uliopita juu ya vichwa vyao ukiwa umebeba mashati ya watu. Katikati, juu ya rafu, palikuwa na redio moja ya kaseti, na hapo ndipo ugomvi wote ulipoanzia. Fundi alitaka Vunja Kiti, magitaa matatu yanayokimbizana kwa dakika kumi na mbili bila kupumzika. Dobi alitaka kwaya, hasa ile iliyoongozwa na dada yake: watu wengi, hakuna ngoma, kila neno likisikika. Alisema pasi haipendi haraka.

Miaka kumi na tisa walibishana. Fundi alidai kwamba mshono wake hunyooka Vunja Kiti wanapopiga, na kwamba siku ya kwaya sindano huvunjika kwa huzuni. Aliyasema haya kwa sauti, akisimama, akionyesha gitaa la pili linapoingia, huku suruali ya mtu ikimsubiri kwenye cherehani. Dobi hakuwahi kupaza sauti. Alikuwa na tabia mbaya zaidi, ya kuuliza swali moja tu: "Hapo anasema nini?" Na hapo Fundi alikwama, kwa sababu, tuseme ukweli, kwa kelele za magitaa hakuwahi kuushika ubeti wa pili wa wimbo aliouita bora duniani. Alikuwa akiuimba kwa kuguna. Basi angejibu kwamba muziki si barua, akarudi kuketi.

Jambo jingine walilogombania ni suruali za Fundi mwenyewe. Kila mwaka zilimbana, na kila mwaka alimlaumu Dobi kwamba maji yake ya moto yanarudisha vitambaa na kuvifupisha. Dobi aliendelea kupiga pasi. Fundi aliachia mshono kidogo, akavuta pumzi, maisha yakaendelea.

Siku moja simu ikaita. Alikuwa katibu wa Vunja Kiti. Bendi ingepiga Jumamosi alasiri katika ukumbi ulio jirani na soko, ilihitaji suti sita, na mtu fulani alikuwa amemtaja yeye. Fundi aliisikiliza simu hiyo amesimama wima kama mtoto wa shule. Katibu akamsomea vipimo, mtu mmoja baada ya mwingine, naye akaviandika kwa chaki mezani. Alipokata simu, akavitazama, uso ukakunjamana. Kiuno cha mwimbaji: inchi arobaini na nne. Mpiga solo: arobaini na mbili.

"Katibu amekosea," akamwambia Dobi. "Watu wasio mafundi ndivyo walivyo. Wanapima kifua, wanasema kiuno."

Dobi akashauri ampigie tena amuulize. Fundi akakataa, maana kumuuliza ni kukiri kwamba hawajui watu wake. Akalitoa jalada la santuri alilolitunza ndani ya mfuko wa nailoni, lenye picha ya vijana sita wembamba, mikono kiunoni. Akachukua futi yake ya kupimia akaitandaza juu ya picha. Gitaa, alieleza, lina urefu unaojulikana; ukipima gitaa la pichani, ukapima na kiuno kilicho nyuma yake, hesabu inatoka yenyewe. Ikatoka thelathini. Akafuta namba za Katibu kwa kiganja, akaandika zake.

"Picha hiyo ina miaka mingapi?" Dobi akauliza.

"Mtu wa kucheza namna ile hanenepi," Fundi akajibu, na kuanza kukata.

Wahenga walisema mpenda chongo huona kengeza. Huyu hakuona hata kengeza. Alishona siku nne akiimba, akatengeneza kola sita ambazo hata leo, anapojisimulia kwa kujicheka, husema hajawahi kushona nzuri kama zile. Kila jioni alimwambia Dobi kwamba Jumamosi ndiyo siku ya hukumu. Atakuja ukumbini, atasikia, na ubishi wa miaka kumi na tisa utakwisha. Hicho ndicho alichokitaka kuliko sifa ya ufundi: Dobi asikie, akubali.

Jumamosi saa nne asubuhi wazee sita wakaingia chumbani. Fundi aliwakaribisha viti kwa heshima, akasema suti ziko tayari, akauliza wenyewe watafika saa ngapi. Mmoja wao, mnene, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, akasema wenyewe ndio hawa. Ilikuwa sauti ile ile ya kwenye kaseti.

Suruali ya kwanza ilimfika mwimbaji magotini ikakataa kuendelea. Koti la mpiga ngoma liliingia mkono mmoja tu. Mwimbaji hakukasirika. Aliishika ile suruali kwa adabu, akaigeuzageuza na kuuliza, "Fundi, hii ni ya mwanangu?"

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Hakuna akiba ya mshono duniani inayotoa inchi kumi na nne, na muziki ungeanza saa tisa. Bendi aliyoitetea nusu ya maisha yake ingepanda jukwaani na fulana za safari, kwa kosa la mkono wake mwenyewe. Akamtazama Dobi, akijua ameipata silaha ya kumcheka mpaka kaburini.

Dobi hakucheka. Aliinua fimbo ya kutungulia nguo, akashusha kutoka kwenye waya majoho sita ya bluu ya kwaya ya dada yake, yaliyokwisha pigwa pasi kwa ajili ya ibada ya kesho, kola zikiwa za mkono wa Fundi huyo huyo.

"Joho halina kiuno," alisema. "Lakini leo hii yarudi hapa, niyafue upya."

Basi Vunja Kiti wakapanda jukwaani wamevaa kama wanakwaya. Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza kusikiliza. Mwimbaji alikaa kwenye kiti, tena kwa uangalifu mkubwa. Magitaa yaliyokuwa yakikimbizana sasa yalitembea. Fundi, nyuma kabisa karibu na mlango, aliinamisha kichwa. Hakusikiliza wimbo, alikuwa akihesabu sehemu zilizopungua kasi, kila moja ikimchoma. Dobi alisimama kando yake, mikono nyuma, macho ameyafumba.

Jua lilipokuwa likitua walikuwa wameinama kwenye mabeseni, wakifua jasho la bendi. Dada alikwisha pitia mlangoni, akasikia habari yote, akamtazama mumewe kwa muda mrefu, akasema majoho yawe makavu alfajiri, akaenda zake.

"Wamekwisha, shemeji," Fundi akasema. "Miaka yote hii nimekuwa nikitwanga maji kinuni. Ulikuwa unasema kweli."

Dobi aliacha kufua. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa alikuwa amekasirika. "Nani amekwisha? Mimi sikusema wabaya. Nilisema sisikii maneno. Leo nimeyasikia yote."

"Gitaa la pili lilikuwa linasinzia."

"Lilikuwa linamsubiri mwimbaji avute pumzi. Kijana hawezi kupiga vile. Wewe uliwataka wa kwenye picha, na wa kwenye picha hawapo. Hata wewe wa siku zile hupo." Akaivuta ile futi iliyoning'inia shingoni mwa Fundi, akamzungushia mwenyewe kiunoni kwa mikono yenye povu, akasoma. "Arobaini na tatu."

"Futi imelowa," Fundi akasema. "Imerudi."

Kisha Fundi akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia kikawa karibu na kilio, mpaka akalazimika kuketi juu ya ndoo. Miaka yote alikuwa akipima viuno vya watu, na nyani haoni kundule. Dobi alirudi kwenye beseni lake. Alikuwa akiimba polepole, na ilimchukua Fundi muda kutambua kwamba huo ulikuwa ubeti wa pili.

"Hapo anasema nini?" akauliza.

Dobi akamwambia neno kwa neno. "Anasema, 'Ukichoka, kaa, mwenzangu, nitakungoja, njia hii hatukuianza peke yetu.'"

Fundi alichukua joho lililofuata akalifua kola kwa makini.

Jumatatu alikata suti sita upya kwa vipimo vya Katibu, bila kusahihisha hata kimoja. Kitambaa kilichobaki kilitosha suruali moja zaidi. Akajipima, akashika chaki, mkono ukasita juu ya meza. Kisha akamwita Dobi aje aiandike ile namba yeye.