Mdomo Uliopinda

Mume wangu na bibi yangu walitaniana kupita kiasi. Yeye alimwita bibi "mke mkubwa", na bibi akaniita mimi mke mwenza. Bibi alikuwa ametoka kijijini Usinge kuja kumjulia hali mgonjwa wetu, maana wiki tatu nyuma mume wangu alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa kwenye cherehani yake pale mtaani Ng'ambo.

Siku ya kumruhusu kutoka hospitali, daktari alinieleza polepole. "Mama, moyo ukishaumia, damu inaweza kuganda humo ndani, bonge likapanda kichwani. Hicho ndicho kiharusi. Mwangalie mdomo, mkono na usemi. Ukiona kimoja tu kimebadilika, mlete hapo hapo." Niliitikia kila neno, kisha nikarudi nyumbani na wasiwasi wa kifua tu. Kila asubuhi nilimuuliza kama kinauma. Mdomo wake nani angeuangalia? Ulikuwa hautulii. Bibi hubana tumbaku shavuni, maneno yakimtoka kwa pembeni, na mume wangu alimwiga mpaka bibi mwenyewe akafuta machozi kwa kucheka.

Asubuhi ile tulikuwa watatu uani, tunakunywa chai. Mume wangu akasema jambo, upande mmoja wa mdomo umeshuka, maneno yamevurugika.

"Mwone mjinga huyu, ananiiga tena!" bibi akapiga makofi.

Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Mume wangu akarudia kwa kujikaza. Kikombe kikamponyoka.

"Hata chai uimwage kwa ajili ya utani?" nikamkemea, nikabeba beseni kwenda kuanika nguo nyuma ya nyumba. Nilianika zote, hadi soksi. Niliporudi mdomo ulikuwa vile vile, bibi hacheki tena, na mume wangu analia.

Bibi alibaki nyumbani, mimi nikampeleka hospitali. Najuta kucheka, najuta zile nguo, lakini kinachoniuma zaidi ni jibu nililolitoa pale mapokezi.

"Imeanza saa ngapi, mama? Muda ni muhimu sana, dawa ya kuyeyusha bonge ikitolewa kwa kuchelewa inaweza kumdhuru," daktari aliniuliza.

Nilijua. Ilianza tukiwa kwenye chai, mbele ya macho yangu. Lakini niliona aibu kusema kwamba nilicheka.

"Nimetoka kuanika nguo sasa hivi, nikamkuta hivyo."

Mume wangu alikuwa kwenye machela katikati yetu, akili yake timamu, macho yake kwangu. Akafungua mdomo, ikatoka sauti isiyo na neno. Daktari akaandika nilivyosema mimi.