Taa za Kumrudisha Mama Kadogo

Siku ile Fundi Barafu alikuwa na mambo mawili yaliyokataa kumwingia akilini. La kwanza, kwa nini kijiti cha tisa hakiwaki. La pili, kwa nini mkewe amehama nyumbani. Aliona la kwanza ndilo zito, akaanza nalo.

Jina la Barafu alipewa na wateja, maana kazi yake ni kutengeneza friji. Ni mtu wa watu, mcheshi, msikivu. Ukimweleza shida yako atakutazama usoni, atatikisa kichwa, atasema "sawa, sawa," nawe utaondoka moyo umepoa. Kinachofuata baada ya hapo alikijua mkewe tu, nacho ni hakuna. Unaweza kumwambia Barafu kwamba nyumba ya jirani inaungua, akasema sawa, akaendelea kukaza skrubu. Si kwamba ana roho mbaya. Habari ikishafika kwake, yeye huona imefika.

Ndivyo ilivyokuwa habari ya Kadogo. Huyo ni binti yao wa pekee, anayeishi na mumewe mji mwingine. Jina la Kadogo lilimganda tangu utotoni, ingawa siku hizi akipita mlangoni anainama. Simu ya mama yake ilikuwa imeingia maji, kwa hiyo Kadogo alimpigia baba yake. Akamwambia ana mimba, amwambie na Mama. Barafu alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Aliimba bafuni. Aliimba karakana. Alikaa na furaha yake mwezi mzima, mkewe akimuuliza, "Mbona unacheka peke yako?" naye akimjibu, "Basi tu."

Mama Kadogo alikuja kuipata habari hiyo saluni. Msusi alikuwa na ndugu anayekaa mtaa mmoja na Kadogo, akamwambia huku anamvuta nywele, "Hongera, bibi mtarajiwa." Mama Kadogo alingoja mpaka mstari wa mwisho ukasukwa. Alirudi nyumbani, akatia nguo kwenye begi, akasema anakwenda kwa dada yake.

"Kwani kuna nini?" Barafu akauliza.

"Muulize msusi," akajibu mkewe, na mlango ukafungwa taratibu, jambo ambalo lilimtisha Barafu kuliko kama ungebamizwa.

Msusi alimweleza yote, lakini wiki zikapita na bado hakuelewa. Habari ingekuwa mbaya, sawa. Lakini mtu anaambiwa atapata mjukuu, halafu anafunga begi? Kila siku alikwenda na swali hilo karakana, akaligeuza huku na huku, jioni akarudi nalo nyumbani lilivyo.

Basi akaona bora ashike anachokiweza. Kila sikukuu ya mwisho wa mwaka walikuwa wanapamba nyasi za mbele ya nyumba kwa taa. Yeye anafunga waya, mkewe anasimama getini kusema hapa pamepinda, pale pamezidi. Mwaka uliopita waliona kwenye bustani ya hoteli taa za pikseli, kila moja juu ya kijiti chake, zinabadilika rangi moja baada ya nyingine. Mama Kadogo alisimama akasema, "Hizi zinatembea." Hakusema zaidi, ila ilibidi avutwe mkono ndipo aondoke. Sasa Barafu akanunua taa za namna ile ile. Mpango wake ulikuwa kuzipanga kuanzia getini hadi mlangoni, zitembee kuelekea ndani, na mkewe azifuate. Shemeji yake, dada wa mkewe, alikubali kumleta jioni ya siku atakayozifunga. "Aje aone tu," alisema shemeji, na lile "tu" alilitamka kwa kuuma meno.

Asubuhi Barafu alivuta kamba kutoka getini mpaka kwenye ngazi ya mlango, akaipindisha kidogo pale katikati ili njia isikae kama foleni ya benki. Akachomeka vijiti kufuata kamba. Kati ya kijiti na kijiti zilipita nyaya tatu, mbili za umeme na moja nyembamba ya kupeleka ujumbe kutoka kwenye kisanduku cha kuongozea, ndio unaoiambia kila taa iwake rangi gani na lini. Chini ya kila taa kulichorwa mshale wa kuonyesha ujumbe unaingilia wapi na unatokea wapi. Vijiti viwili alivifunga kinyume, akajisonya, akavifungua. Alijua pia kwamba umeme ukisafiri mbali huchoka, na taa za mwisho zikiambiwa ziwe nyeupe hugeuka nyekundu nyekundu, kwa hiyo akavuta waya mnene mwingine kutokea upande wa mlangoni kuziongezea nguvu. Hapo alijipongeza kwa sauti. Umeme angalau ulikuwa unaeleweka.

Mchana, amelala kifudifudi analehemu, simu ikalia. Alikuwa Kadogo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Niko kwenye nyasi hapa."

"Baba, sikiliza. Daktari amesema nipumzike kabisa, nisiinue hata ndoo. Namtaka Mama aje akae na mimi mpaka nijifungue, na baada ya hapo kidogo. Mume wangu yuko safari za huko, atampitia kesho asubuhi kama yuko tayari. Namtafuta kwa Mama mkubwa simu haishiki. Mwambie leo, Baba, nijue."

"Sawa."

"Utamwambia?"

"Sawa, mwanangu. Pumzika."

Akatia simu mfukoni, akarudisha chuma cha kulehemu kwenye waya kabla hakijapoa. Wewe umesikia, mimi nimesikia, na Barafu naye alisikia, hilo sitamsingizia.

Alipomaliza alichomeka umeme. Cha kwanza kikawaka, cha pili kikafuata, rangi ya bluu ikaenda ikipokelewa kijiti kwa kijiti mpaka cha nane. Hapo ikakoma. Cha tisa giza, na vyote vilivyokuwa mbele yake giza mpaka mlangoni. Akapima kwa mita, umeme upo. Akakitoa kijiti cha tisa, akakitupa kwenye ndoo, akafunga kipya. Giza. Akasema labda kipya nacho kimekuja na ugonjwa wake dukani, akakitupa, akafunga kingine. Giza.

Alikaa chini akashika tama. Friji haina mambo haya. Friji ikigoma, unatafuta kilichokufa, unabadilisha, unaiwasha, mnaagana kwa amani. Hapa anabadilisha kilichokufa na kilichokufa kinabaki pale pale. Akazima kisanduku, akakiwasha. Akabadilisha waya. Akakiambia kijiti cha tisa maneno ambayo sitayaandika. Jirani aliyekuwa anaanika nguo akamuuliza anagombana na nani, Barafu akasema hana hakika. Kilichomuudhi zaidi ni kijiti cha nane, kilichokuwa kinawaka bluu safi pembeni yake, hakina habari na mtu.

Jua lilipoanza kuinama alishusha kiburi, akampigia muuzaji wa taa, mwanamke mmoja mwenye sauti ya mtu aliyeamshwa.

"Cha nane kinawaka?" akauliza muuzaji.

"Vizuri kuliko vyote."

"Basi toa hicho."

Barafu akakitazama kijiti cha nane, akaitazama simu. "Dada, labda hatujaelewana. Cha nane kinawaka. Kinachokataa ni cha tisa."

"Nimekusikia, baba. Cha tisa ni kizima. Ujumbe wake unapitia kwa cha nane. Kila taa inachukua sehemu yake, inayobaki inampa mwenzake. Hicho cha nane kinapokea, kinachukua chake, kinang'aa, basi. Hakipitishi. Kimeungua upande wa kutokea."

"Lakini ukikitazama hakina kosa lolote."

"Ndiyo maana watu wanatupa vizima," akasema muuzaji, akapiga miayo. "Toa hicho."

Barafu akavitazama vijiti vilivyokuwa kwenye ndoo. Kisha akakikata kijiti cha nane, kizuri vile, kinachong'aa vile, akafunga kingine mahali pake. Bluu ikaondoka getini, ikapita cha nane, ikapita cha tisa kana kwamba hapakuwahi kuwa na ugomvi, ikafika mlangoni. Alifurahi. Lakini ndani ya furaha kulikuwa na kitu kinamsumbua asichokijua, kama mtu aliyesikia akiitwa jina barabarani, akageuka, asione mtu. Akasimama na koleo mkononi akijaribu kukikumbuka. Kikampotea, akaenda kuoga.

Giza lilipoingia wanawake wawili walisimama getini. Mama Kadogo alikuwa na begi lile lile, lakini alilishika kwa mkono mmoja, namna ya mtu ambaye hajaamua. Barafu aliwasha swichi. Taa zikaanza kutembea, bluu, kisha nyeupe, kisha rangi ya chungwa, zikitoka miguuni pa mkewe kwenda nyumbani kwao.

Mama Kadogo alizifuata kwa macho mpaka mlangoni. "Cha nne kimeinama," akasema.

Barafu alikimbia kukinyoosha. Mzee mzima, amekimbia.

"Hapo. Usikiguse tena," akasema mkewe, na akaanza kutembea. Hakumtazama Barafu, alizitazama taa, lakini alikwenda nazo mpaka kwenye ngazi na akaingia ndani. Shemeji akabaki getini. "Mimi narudi," akasema. "Asipokuja nyuma yangu nitajua."

Ndani, Mama Kadogo aliweka begi juu ya kiti, akafungua kilemba, akaliangalia jiko. "Siku zote hizi ulikuwa unakula nini?" Hakungoja jibu. Akabandika maji ya chai. Barafu akakaa mezani, moyo umemjaa, haamini. Mpango wake umekubali. Akatia mkono mfukoni kutafuta leso, akagusa simu.

Hapo ndipo alipokumbuka.

Kama akisema, kesho asubuhi gari linakuja, na mkewe anaondoka kwa miezi ambayo hakuna aliyemtajia idadi yake. Siku nzima amechimba, amelehemu, amelala kwenye mchwa ili mtu huyu aingie ndani, na sasa mdomo wake mwenyewe ndio umtoe? Kama asiposema leo, atasema kesho. Kesho saa ngapi? Labda baada ya chai ya asubuhi. Labda Kadogo atapata mtu mwingine wa kukaa naye. Labda simu ya shemeji itashika, Kadogo amwambie mama yake mwenyewe, na yeye Barafu atakuwa hamo. Kichwa kilimvurugika kabisa. Hakujua tena ni lipi lilikuwa kumpenda mkewe na lipi lilikuwa kujipenda. Alifungua mdomo, kikatoka kitu kingine.

"Chai tamu."

"Hujaionja," akasema mkewe.

Barafu akaitazama chai. "Kadogo amepiga," akasema. Akaendelea haraka haraka kabla hajajizuia. "Daktari amemwambia apumzike. Anakutaka ukakae naye mpaka ajifungue na baada ya hapo. Mkwe anapita na gari kesho asubuhi. Anasubiri jibu lako leo."

Mama Kadogo aliweka kikombe chini. "Amepiga saa ngapi?"

Palikuwa na njia ya kusema "sasa hivi," na Barafu aliiona wazi. "Mchana," akasema. "Nilikuwa nalehemu."

Mkewe alinyoosha mkono. Akapewa simu, akaenda kusimama kwenye mlango wa jikoni. Barafu alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Miguu imevimba? Unalala ubavu gani? Mchana umekula? Usiku nani anakuwa nawe? Yalikuwa maswali ya kawaida kabisa, na Barafu hakuwa ameuliza hata moja.

Simu ilirudi mezani. "Kesho asubuhi," akasema Mama Kadogo. Akabeba begi kwenda chumbani. Barafu akasikia kabati linafunguliwa. Alikaa pale akijaribu kuelewa. Amesema, na kwa kusema amempoteza tena, safari hii kwa mkono wake. Mbona basi kifua kilikuwa chepesi? Akainuka, akasimama mlangoni pa chumba.

"Umekasirika?"

"Nimekasirika. Mtoto amekaa mchana kutwa anasubiri." Alikunja gauni, akalilaza kwenye begi. Kisha akasema, amelielekea kabati, "Lakini leo nimeambiwa na mume wangu."

Barafu alibaki ameegemea mlango.

"Njoo ukae," akasema mkewe. "Nieleze alivyosema."

"Si umeongea naye?"

"Mimi ameniambia yuko salama. Wewe ndiye uliyemsikia mchana, kabla hajajipanga. Sauti yake ilikuwaje?"

Barafu akakaa ukingoni mwa kitanda. Akairudia simu ile kichwani, nyasi, moshi wa risasi ya kulehemia, sauti ya binti yake sikioni. Kwa mara ya kwanza akaisikiliza.

"Alikuwa anaogopa," akasema, na ni katika kulisema ndipo naye alipolijua.

Mama Kadogo akasogeza begi pembeni, akakaa karibu naye.