Boksi la Dawa ya Papa

Miaka ile ya Zaire, sisi tuliopanda ndege kutoka Kinshasa kurudi Kisangani tulikuwa na desturi: kitu chochote kilichofungwa vizuri tulikifungua kabla ya safari. Pale Bangboka, uwanja wa ndege wa Kisangani, askari akiona boksi jipya aliuliza kama ni la kuuza, na ukishaulizwa hivyo lazima utoe kitu. Kwa hiyo vidonge vya Papa, baba yetu, vya kidonda cha tumbo nilivitia katika kopo la maziwa ya unga. Boksi na karatasi yake nilivitupa Kinshasa.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, Kifaransa cha karatasi ile ningeweza kukisoma. Juu ya boksi palikuwa na picha ya mwanamke mwenye mimba, imekatwa kwa mstari. Nikajisemea kwamba Papa si mwanamke.

Dawa yenyewe huitwa misoprostol. Daktari alimwandikia Papa kwa sababu dawa za magoti alizokunywa kila siku zilikuwa zimemchimba tumbo, na hii ililikinga. Ilimsaidia kweli. Alianza tena kula pondu, majani ya muhogo, na kutania watu.

Kwetu dawa nzuri haikuwa ya mtu mmoja. Kopo lilikaa juu ya kabati, kama chumvi. Jioni moja mke wa kaka yangu, mwenye mimba ya miezi minne, alikaa mezani ameshika kifua.

“Papa, moto iko inapanda mpaka hapa.”

“Mutoto iko na nywele mingi,” Papa alisema, kama wazee wasemavyo mwenye mimba akipata kiungulia. “Kamata mbili, mama. Hii haiko kama ile ya soko.” Akanigeukia; kwa safari zangu aliniita mtu wa Kinshasa. “Ao namna gani, Kinois?”

“Iko muzuri, Papa,” nilijibu.

Kesho yake alfajiri nilipanda lori la kwenda Bengamisa. Niliporudi baada ya wiki, shemeji alikuwa amelala, amegeukia ukuta. Siku ile ile niliyoondoka tumbo lilimkaza, damu ikaja, mimba ikatoka. Majirani walisema ni kuteka maji mno. Kaka alisema ni Mungu.

Nilimwuliza muuguzi, nikijifanya nauliza habari za mtu wa mbali. Alisema hakuna awezaye kuapa, lakini dawa ile hukaza mfuko wa uzazi. Mwenye mimba hapewi hata kidonge kimoja.

Nikaanza kusafiri kupita kawaida yangu.

Dawa ilipokwisha nilileta boksi zima. Askari alichukua sabuni zangu mbili. Nikaliweka mezani mbele ya shemeji, picha ikiwa juu. Akaugusa ule mstari kwa kidole.

“Ile ya kwanza ilikuwa na hii?”

“Ndiyo.”

“Na uliona.”

“Niliona, shemeji.”

“Papa asijue,” alisema. “Itamuua.”

Akalifungia boksi ndani ya sanduku lake la nguo. Tangu siku hiyo Papa alimwomba yeye vidonge, naye alimpa pamoja na maji, mpaka mzee alipofariki. Mimi aliendelea kunipakulia chakula. Ila hakuniuliza tena nimetoka wapi, kama alivyozoea kila niliporudi safari.