Mashua kwa Mtamba

Mtamba niliyepewa na kogo wangu, mama mzazi wa baba, nilimbadilisha na mashua. Nikisema hivyo watu wa kwetu hunitazama kwanza kutoka kichwani hadi miguuni. Halafu wanauliza, "Mashua ya nini, na sisi tuko juu ya mlima?"

Kwetu ni Boito. Ukisimama mlangoni unaona chai, nyuma ya chai kuna chai nyingine, na chini kabisa bondeni kuna bwawa. Nilikuwa nachuna majani mkono ukiwa kwa chai na macho yakiwa kwa maji. Mama, ambaye alichuna mstari wa pili, alizoea kupekua kikapu changu na kutupa majani makuukuu. "Umenichunia kuni, kijana. Hicho unaangalia huko chini kimekuita?"

Kulikuwa na samaki mle. Jioni waliruka mpaka unasikia, na hakuna mtu aliwasumbua, kwa sababu wazee wetu wengi hawali samaki. Baba huwaita nyoka waliokosa urefu. Mimi nikaona wavu, nikaona samaki wa moto na ugali pale sokoni, nikaona wageni wakipigwa picha katikati ya maji. Nikishaona kitu hivyo siwezi tena kukaa.

Mashua niliipata upande wa Ndanai, kwa mzee aliyekuwa akifuga samaki akachoka. Ilikuwa ya alumini, imepinduliwa nyuma ya zizi, kuku wakitaga chini yake. Ubavu mmoja ulikuwa umebonyea. Ribiti, vile vichwa vidogo vinavyoshikanisha bati na bati, zingine zilicheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Mzee hakunificha. "Hii inaingiza maji," alisema. Mimi nikasikia maji tu.

Pikapu ilipoishusha nyumbani, baba aliizunguka akaigonga na fimbo.

"Umepeana ng'ombe ukapewa sufuria." Kisha akaipima kwa hatua, polepole, nikajua amepata wazo. "Lakini itakuwa hori nzuri. Ng'ombe wote watakula pamoja."

"Baba, ni mashua."

"Mashua ni ile inaelea. Hii ikikataa kuelea kabla ya mvua, ni hori. Huyo mtamba alikuwa wa boma, hakuwa wako peke yako."

Ilikuwa kweli. Kwetu ng'ombe hana mwenyewe mmoja. Tangu siku hiyo nikiketi kunywa chai nilisimama kabla kikombe hakijaisha, nikaangalie mawingu.

Nilimwita jirani yetu anayeezeka nyumba, kwa sababu nilijiambia bati ni bati. Alikuja na lami, misumari ya mabati na vipande vya bati. "Kiraka kinakaa upande wa mvua," alisema, "na mvua inatoka juu." Kwa hivyo tukaziba kutoka ndani, vizuri kabisa, tukapongezana. Hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba mashua ni paa lililolala chali, na mvua yake inatoka chini.

Tulipoisukuma bwawani, maji yalivisukuma viraka vikabanduka kimoja kimoja kama chapati kwa kikaango. Jirani ndiye aliruka nje kwanza. "Nyumba zangu hazijawahi kufanya hivi," alisema, akikamua suruali.

Kesho yake asubuhi nilikuta ng'ombe wawili wameinamisha vichwa ndani ya mashua, tuliyokuwa tumeirudisha nyumbani, wakilamba chumvi. Baba alisimama kando, mikono nyuma.

"Naangalia tu kama urefu unawatosha," alisema.

Niliimwagia maji haraka, maana chumvi hula alumini. Nilikuwa karibu kulia, ingawa hata mimi niliona kwamba ng'ombe walikuwa wamependeza pale.

Mama ndiye alinionea huruma. Yeye akinunua mkebe wa maziwa uliotumika, haulizi muuzaji kama unavuja. Anaujaza maji, anauweka juu ya mawe na kuchungulia chini. "Kwa nini unatafuta shimo kutoka nje?" aliniuliza. "Weka maji ndani, yatakuonyesha mlango." Tukaiinua juu ya magogo, nikaijaza kwa mitungi, nikalala chini na kipande cha makaa. Palipodondoka tone nikachora.

Ribiti mpya nilipata kwa fundi wa sufuria sokoni. Alinionyesha kwamba mmoja anagonga kutoka nje na mwingine anakaza chuma kizito ndani. Mtu mmoja hawezi. Jirani alikuwa ameenda kuezeka Kapsoit, mama alikuwa kwa chai, na mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima bila kuondoka.

"Baba, nishikie shoka kwa ndani, ndilo chuma changu kizito."

"Unataka niharibu hori yangu na mikono yangu?"

"Hata hori haifai kuvuja."

Alinitazama. "Hapo umesema," akasema, akaingia.

Tuliilaza kwa ubavu. Hatukuonana, tulisikiana tu kupitia bati.

"Unataka kwenda wapi na hii kitu?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo unaweza kuzunguka kwa miguu."

"Najua."

Niligonga ribiti nyingine. "Mimi nilitaka kuendesha lori," sauti yake ikasema. "La safari za mbali. Mama yangu akanipa mtamba, nikatulia." Akakaza shoka tena. "Gonga, mkono unachoka."

Nikagonga.

Tuliishusha bwawani manyunyu ya kwanza yakianguka. Baba alikuja na gambuti zake za mpira na kikombe cha bati, akaketi katikati akashika pande zote mbili. Hajui kuogelea, wala mimi. Maji yaliingia mahali pamoja tu, kidogo kidogo kama jasho. Akachota, akamwaga, akachota. Tulipofika kati aliacha kuchota, akainua macho kwenye mlima, ambapo mama alikuwa amesimama katika chai na kikapu mgongoni, mdogo sana.

"Kumbe boma yetu inaonekana hivi," alisema.

Mvua ilipoanza kweli nilimkuta baba nyuma ya zizi letu akipigilia mbao, ndefu kwa ndefu. Nilimuuliza anatengeneza nini, ingawa nilikuwa naona.

"Hori," alisema. "Shika hapo."