Gunia langu la interview lilivyoenda sokoni kuuza sambaza

Wakuu, natumai mko salama popote mlipo. Leo mnipishe kidogo, nina la kujisifia na nitajisifia bila aibu. Yote ni kweli. Nikitia chumvi mtaionja wenyewe, maana mimi huwa natia kwa koleo.

Niko Kamembe, huku Rusizi, Rwanda. Bukavu tunaiona ng'ambo ya maji. Mchana ni fundi cherehani. Jioni nilikuwa mwanafunzi: kwanza sekondari ya jioni, halafu ualimu wa jioni. Nimesoma jioni nyingi mpaka popo wa mtaani wananisalimia kwa jina.

Umri thelathini na nne. Wateja walishaniita "Mwalimu" kwa kejeli tangu zamani. "Mwalimu, utafundisha lini? Au wanafunzi wako ni sindano?" Nacheka nao, lakini usiku huo nafungua daftari.

Basi mwaka wa mwisho, nikiwa bado kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja binafsi (jina nalibania) ikaniita interview. Nafasi mbili. Tuliofika tulikuwa kama nchi nzima.

Sawa, tulikuwa tisa.

Utaratibu wao: unafundisha dakika ishirini, darasa la nne, watoto wa kweli, na panel imekaa nyuma. Mimi nikapangiwa hesabu, somo la sehemu, yaani nusu, robo na ndugu zao. Kufundisha ni kwa Kiingereza, ila hapa nawaletea kwa lugha yetu.

Kwa wasiojua, walimu wengi wa huku huchora zana za kufundishia kwenye magunia ya mchele. Unaligeuza ndani nje, unachora kwa rangi, unatundika ukutani. Halichaniki, halilowi.

Mimi ni fundi bwana. Nitengeneze gunia la kawaida?

Nilichora samaki kumi na wawili wanono na vikapu vinne. Kumi na wawili kwa vinne, kila kikapu watatu, robo imeeleweka. Sikulichana, nikaliacha zima. Mdomoni nikalipiga pindo mara mbili, nikashona masikio mawili ya kutundikia. Gunia lile lilikuwa limevaa kuliko mimi.

Wiki nzima nilifanya mazoezi, mwanafunzi wangu cherehani. Lesson plan niliimeza hadi koma.

Asubuhi ya interview, saa mbili, natoka kuoga. Gunia halipo juu ya cherehani.

Nikapekua chini ya kitanda. Nikapekua hadi ndani ya birika, msiniulize kwa nini.

Ndipo nikakumbuka: mama yangu, ninayeishi naye, anauza sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, waliokaushwa. Na hutoka kabla hakujapambazuka vizuri.

Nilikimbia kupanda hadi soko la Kamembe na suruali ya pasi na kandambili. Nikamkuta. Gunia limesimama mbele ya meza yake, limejaa sambaza hadi kwenye pindo, samaki wangu wanono wanawatazama wateja.

"Mama! Gunia langu!"

"Lako namna gani?" Alishangaa kweli. "Niliona samaki bamechorwa, na masikio mbili ya kubebea. Nikasema, mutoto wangu ameniwaza. Tangu asubuhi bantu banauliza nani alinishonea."

Wakuu, hebu fikirini. Miaka yote ninashona suruali za watu, mama yangu anabeba mzigo kwenye gunia lililotoboka, halafu nashona moja zuri na si lake.

Nikamwambia ni la interview. Saa nne.

Alivua kitenge chake cha juu, kile kizuri cha sherehe, akakitandaza chini, akamwaga sambaza wote juu yake. Akalikung'uta gunia mara mbili, akanipa.

"Enda, papa. Enda mbio." (Huku mama akikupenda sana anakuita papa.)

Mama Zawadi wa meza ya pili hakunipa nafasi ya kulia. "Eh, Mwalimu! Weye mwenyewe unakimbia ivi, batoto batakimbia namna gani?"

Nyumbani nikabadili viatu, nikadaka motari, ndio bodaboda wetu. Baada ya kona mbili akageuza kofia ngumu yake: "Muzee, unaenda kazini ao unaenda kupika?"

Nikafika dakika tano kabla.

Darasani nikatundika gunia. Mara sauti ikatoka dawati la nyuma: "Mwalimu, linanuka sambaza!"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Nikalivuta gunia ninyooshe, na kutoka kwenye pindo langu la mara mbili wakadondoka sambaza mezani. Saba.

Saba, wakuu! Mimi nilimeza kumi na wawili. Lesson plan yote ikaruka dirishani.

Nikawatazama wale saba. Nikasikia mdomo wangu unauliza: "Tuko wanne nyumbani. Nani atatugawia hawa, kila mtu sawasawa?"

Watoto wakainuka kama nyuki. Kila mtu wa nyumbani samaki mmoja, wakabaki watatu. Hapo wakakwama. Mmoja akashauri tumpe paka.

Kisha msichana mmoja mdogo, mpole, akaja mbele. Akawavunja wawili katikati, zikapatikana nusu nne. Wa mwisho akamvunja vipande vinne. Akaweka kwa kila mtu nusu na robo.

"Robo tatu," akasema. "Kila mtu mmoja na robo tatu."

Hivyo hivyo ndivyo mama alivyokuwa akitugawia sisi wanne. Kwa vidole, bila kuandika, na hakuna aliyewahi kulia kwamba kapunjwa. Nilijua robo tatu kabla sijajua kushika kalamu!

Baadaye mkuu wa masomo, mzee wa miwani kwenye panel, akapekua karatasi zangu. "Hawa samaki wako ukurasa gani?"

Ningeweza kudanganya. Ulimi ulishaanza kusema "ni mbinu shirikishi."

"Hawamo, Mzee. Ni wa mama yangu. Alilichukua gunia asubuhi akidhani nimemshonea yeye."

Madame mwalimu mkuu akafunika mdomo kwa daftari. Mabega yake yalicheka dakika nzima.

Simu ilikuja baada ya wiki mbili nikiwa kwenye cherehani. Nimepata! Nilishona mguu wa suruali ya mteja ukafungika kabisa. Nilikuwa wa pili kati ya wawili, na wa pili ukianzia chini ni wa kwanza.

Nilipomsimulia mama habari ya wale saba, akauliza: "Kwa hiyo ile ya kugawa samaki, njo hesabu?"

"Njo hesabu, mama." ("Njo" ya huku ni "ndiyo".)

"Basi mimi nimefundisha miaka mingi, na hakuna aliyeniita interview."

Somo langu, wakuu: jiandae hadi koma, lakini ukiingia darasani fundisha kile unachokijua tangu nyumbani. Na ukiulizwa, sema ukweli.

Gunia la kwanza liko darasani kwangu, bado linanuka mvua ikinyesha. La pili, nililomshonea mama, pindo mara tatu, liko sokoni. Sikuandika kitu juu yake, nilichora samaki saba tu. Hata Mama Zawadi sasa anamwita Mama Mwalimu, na safari hii hakuna anayecheka.

Nanyi semeni, demo yenu ya kufundisha iliharibikia wapi? Na kuna mtu humu anajua dawa ya harufu ya sambaza kwenye suti? Nina moja tu.