Vitabu Vitatu Kuhusu Mchezo Mmoja

Miaka ile ya kisomo cha watu wazima, mchana nilikuwa karani wa bohari, jioni nilifundisha darasa Temeke, katika chumba cha ofisi ya tawi la chama. Cheti sikuwa nacho. Shule niliiachia darasa la sita. Wanafunzi wangu hawakulijua hilo, nami niliogopa wakilijua hawatakaa tena mbele yangu.

Tulipoambiwa kila darasa lilete onyesho kwenye sikukuu ya kisomo, wengi walitaka ngonjera kama kawaida. Nikakataa. Redioni nilikuwa nimesikia habari za mtunzi wa kale wa Uyunani, na mchezo wake wa mfalme aliyerudi vitani akakuta mkewe amewagawia raia nafaka yote ya ghalani. Nikaona hiyo ndiyo siasa yetu hasa. Nikaahidi kuuleta kwa Kiswahili.

Maktabani mjini nilipekua kadi, nikapata vitabu vitatu vyenye jina la mchezo huo, vyote vya Kiingereza, vimeandikwa na maprofesa. Sikushtuka. Nilikulia Kimbiji, nikasoma chuo cha Kurani, na vitabu vya maalimu wetu vilikuwa hivyo: matini katikati ya ukurasa, maelezo ya mwanachuoni yameizunguka. Ukitaka matini, unaruka maelezo. Katika vitabu hivi maneno ya mtunzi yalichapwa kwa herufi ndogo, yamesogezwa ndani kidogo. Nikatafsiri kila kipande kilichosogezwa, kwa mpangilio niliovikuta nao.

Kipande kimoja kilijirudia katika vitabu vyote vitatu, kila mara maneno yamebadilika kidogo. Nikaamua ni kiitikio. Pembeni nikaandika: wote waseme.

Malkia wetu alikuwa mama muuza samaki, mzaliwa wa Msasani aliyeolewa Temeke. Siku ya pili ya mazoezi aliinua karatasi yake.

"Mwalimu, hebu nieleweshe. Hapa juu nimekunywa sumu, nimekufa?"

"Umekufa."

"Na hapa chini namkaribisha mume wangu kutoka vitani. Nani anasema, mie au mzuka wangu?"

Watu wakacheka. Mfalme, ambaye alikuwa fundi baiskeli, akadakia: "Wanawake wa Msasani hata wakifa hawanyamazi."

"Nyamaza wewe! Mfalme gani anaanza kugombana kabla hajaingia?"

Hilo nalo lilikuwa kweli: katika karatasi zangu mfalme aligomba kabla ya kuingia. Niliwaambia Wayunani walikuwa na utaratibu wao, nikaenda nyumbani nimechanganyikiwa. Nikavipanga vipande upya, nikapata malkia anayekufa mara mbili. Ndipo nikasoma yale maelezo niliyoyaruka. Profesa wa kwanza alisema malkia ana haki. Wa pili alisema mtunzi anamkejeli. Wa tatu alisema maneno ya sumu hayakuandikwa na mtunzi kabisa, yaliongezwa na watu wa baadaye. Sasa nikawa sijui hata kama sumu yenyewe ilikuwapo.

Jumamosi nilimpelekea binti wa maktaba vitabu vyote pamoja na daftari langu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nisaidie. Sehemu zilizobaki za mchezo huu ziko wapi?"

Akasoma daftari, akafungua kitabu kimoja, akanitazama. "Mzee, hivi ni vitabu vya kuuchambua mchezo. Hivi vipande ni ushahidi wao tu. Mchezo wenyewe haumo."

"Uko wapi?"

"Tuna nakala moja. Imeazimwa tangu Ramadhani, haijarudi."

Jumatatu, zikiwa zimebaki siku tano kufika sikukuu, nililiambia darasa kwamba mchezo sijausoma. Na kwa kuwa nilikwisha kuanza, nikawaambia na ya shule.

"La sita?" akasema muuza samaki. "Mie hata la kwanza sikuliona. Sasa tuamue, mwalimu. Nakufa au sifi?"

Walibishana muda mrefu. Fundi baiskeli alitaka malkia afe, kwa sababu aligawa mali ya watu bila kikao. Wengine wakasema kikao kingeitishwaje, na wanaume wote wako vitani? Ikapigwa kura. Malkia akapona kwa kura moja.

Nikaifuta sumu. Lakini mfalme alikuwa analia mwishoni, na sasa hakuwa na maiti wa kumlilia. Nikawauliza, alie nini?

"Alie njaa," akasema muuza samaki. "Ghala si limekwisha?"