Mabenchi ya Kushukia

Nusu ya kilima nilikuwa nimeimaliza, begi begani, nikitafuta nyumba ya wageni ambayo dereva aliniambia ipo "hapo juu tu, karibu na zahanati." Nimepita miji mingi na kusikia lugha nyingi, na katika zote "hapo juu tu" ni maneno ya mtu asiyepanda. Njiani nilipita mabenchi mawili ya mbao yenye miguu ya chuma, rangi ya kijani bado mbichi, hayana mtu. Sikuyatazama mara mbili. Kisha barabara ikapinda, kilima kikasimama wima, pumzi ikanikimbia. Nikajibwaga kwenye ukuta mfupi mbele ya kibanda cha fundi viatu. Sikuwa peke yangu. Mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameegemea hapo, na mzee mmoja ameketi akilishika goti lake kama anayelibembeleza.

"Karibu ofisini," fundi akasema bila kuinua macho kutoka kwenye soli. "Ukuta ni bure. Viatu ndivyo vya kulipia."

Ng'ambo ya barabara alisimama mwanamke wa makamo, kitambulisho shingoni, suti nadhifu juu na raba zilizochakaa chini. Alitutazama sisi wa ukutani kama mwalimu aliyekuta watoto nje ya darasa. Akavuka.

"Samahani, mgeni. Benchi la hapo chini hukuliona?"

"Nimeliona, dada."

"Sasa mbona hukukaa?"

"Pale nilikuwa sijachoka."

Akatazama chini, akatazama juu, halafu chini tena.

"Mzoee tu," fundi akaniambia. "Huyu ni Bi Mabenchi, afisa mipango miji wetu. Leo mchana madiwani wanamnyang'anya mabenchi yake, ndiyo maana ana sura ya kufiwa."

"Sijafiwa bado," akajibu, akashika mkono mmoja wa begi langu. "Kama unatafuta nyumba ya wageni, umeipita; iko kule chini, jirani na kwa mama yangu. Twende. Nina swali la kumwuliza."

Tukashuka, na njiani akanisimulia.

Alizaliwa kwenye kilima hiki hiki. Mama yake alikuwa mfuaji wa mashuka ya zahanati, akipanda na kushuka maisha yake yote ya kazi. "Magoti ya mama ndiyo yaliyonisomesha," alisema. Akaenda kusomea mipango miji mbali, akarudi, akaajiriwa halmashauri. Wenzake ofisini walichora viwanja, mitaro na vibanda vya biashara. Yeye alianza kuuliza kwa nini wenye presha na kisukari wanaacha kliniki ilhali dawa zipo. Akawafuata majumbani kuwauliza. Jibu lilikuwa kilima.

"Mgonjwa akiiogopa njia," aliniambia, "dawa itaozea kabatini."

Kwa hiyo akapigania kifungu kimoja katika mpango wa mji: kila njia iendayo zahanati, sokoni au shuleni iwe na kivuli na mahali pa kukaa. Walimcheka, kisha wakakubali ijaribiwe kwenye barabara hii kwanza. Hakutumia tepe kupanga nafasi za mabenchi. Alitembea na mama yake, na kila mama alipoomba kupumzika, yeye aliinama akachora alama ya chaki. Mafundi wakafuata chaki. Mabenchi yakafungwa kwa nati, yakapakwa rangi, na hakuna aliyeyakalia. Watu waliendelea kuugulia ukutani kwa fundi viatu. Sasa kamati ilitaka kifungu kifutwe kwa mji mzima.

"Na mama?" nikauliza.

"Magoti yamezidi. Kliniki hapandi tena. Vidonge namchukulia mimi, lakini presha haipimwi kwa salamu za binti. Juzi kizunguzungu kimemwangusha jikoni." Akabadilisha mkono kwenye begi. "Kilima hiki kina wengi kama yeye. Kifungu kikifa leo, wote watakaa ndani."

Chumba cha mama kilikuwa na kitanda, cherehani iliyofunikwa shuka nyeupe iliyonyooshwa kama ya wodini, na dirisha linalotazama barabara. Mama mwenyewe alikuwa ameketi, mguu mmoja juu ya kigoda.

"Umeniletea mgeni au mkwe?" akamwuliza binti.

"Mgeni, mama. Ile siku ya chaki, tulianzia wapi?"

"Zahanati."

"Tukashuka?"

"Tukashuka. Kupanda si ulinikodia gari? Ulisema mama asichoke bure, ana miadi na daktari."

Bi Mabenchi akaketi kitandani taratibu. "Kwa hiyo nilichora mahali unapochoka ukishuka."

"Mimi nilidhani ndivyo mlivyotaka." Mama akamtazama bintiye, kicheko kikaanzia tumboni kikapanda hadi kilemba kikalegea. "Mwanangu, umewajengea mabenchi watu wanaotoka kutibiwa."

Binti hakucheka. Alitoa mkobani hotuba aliyoiandaa, kuhusu kuelimisha wananchi matumizi ya mabenchi, akaikunja, akaiweka chini ya cherehani.

Kikao kilikuwa wazi kwa yeyote, nami nikapata kiti cha nyuma. Feni ya dari ilizunguka kwa kujikongoja. Mwenyekiti wa kamati, mtu mnene mwenye sauti ya kutangaza minada, alianza bila huruma.

"Bi Mabenchi, mabenchi yako yamekuwa vituo vya kuku. Wananchi hawayataki. Una la kusema kabla hatujafuta?"

"Ninalo, mheshimiwa. Wananchi hawana kosa. Kosa ni langu." Akaeleza yote: gari, miadi, chaki, kushuka. "Nilimhurumia mama, na huruma yangu ikapotosha kipimo. Anayeshuka huchoka kwingine na anayepanda huchoka kwingine. Anayepanda ndiye mgonjwa."

Diwani mmoja kijana akainua mkono, akadakia. "Yaani mji mzima usubiri kwa sababu wewe ulimkodia mama yako gari?"

"Ningeweza kumkodia gari kila mgonjwa, mheshimiwa, tusingehitaji benchi hata moja."

Kicheko kikapita mezani. Diwani kijana naye alitabasamu, lakini hakuushusha mkono. "Basi yahamishwe na yaishie hapo. Kifungu cha nini tena?"

"Kwa sababu barabara hii ni moja," akasema Bi Mabenchi, "na vilima tunavyo vingi. Bila kifungu, kila mgonjwa atasubiri apatikane afisa ambaye mama yake ana magoti mabovu."

Mwenyekiti alikuna shingo. "Mimi mwenyewe," akasema polepole, sauti ya mnada imemtoka, "nikipanda huwa natua kwa fundi viatu. Najifanya nakagua viatu. Nilidhani ni mimi tu na kitambi changu."

Uamuzi haukuwa wa sherehe. Mabenchi yafunguliwe yahamishwe, hela mpya hakuna. Kifungu kiishi hadi kikao kijacho. Yakikutwa matupu tena, mwenyekiti atakuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukiua.

"Na safari hii pima ukipanda," akaongeza. "Utapanda na nani?"

Bi Mabenchi akatia daftari mkobani, akatoka.

Jioni nilikuwa kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni, nikasikia jibu likitafutwa dirishani kwa mama.

"Miguu yangu si tepe ya halmashauri," mama alikuwa akisema.

"Sawa, mama. Nitatafuta mtu mwingine."

"Mtafute." Kigoda kikakwaruza sakafu. "Utampata wapi mwenye magoti mabovu kama haya?" Sauti ilikuwa na majivuno kidogo, kama mtu anayetetea cheo.

"Tutakwenda polepole. Ukishindwa, tunarudi."

"Tukifika juu, watanipima presha?"

"Watakupima."

"Basi nitafutie fimbo yangu."

Asubuhi nilipanda hadi ukutani kwa fundi nikangoja. Walitokea kwenye kona ya chini, mama na fimbo, binti na chaki. Walilipita benchi la pili bila mama kuligeukia. Alipotufikia uso ulikuwa umeloa, na midomo imekauka. Nikasogea, akaketi kati yangu na fundi. Binti alimshika mkono, akingoja.

"Hapa," mama akasema hatimaye. "Hapa ndipo kilima kinaponitukana."

Binti akainama akachora mstari mweupe. Ukapita juu ya lami, ukagonga kreti la fundi lenye soli kuukuu.

"Mkiweka benchi hapo, ukuta wangu utakosa wageni," fundi akalalamika.

"Utapata wa kukaa vizuri," mama akamjibu. Akasimama kwa awamu, kwanza fimbo, kisha mgongo, mwisho magoti. "Mgeni, unakuja?"

"Bado napumzika, mama."

"Pumzika. Mimi nina miadi."

Wakaondoka, binti hatua moja nyuma, chaki mkononi. Nilibaki ukutani nikiwatazama hadi walipokata kona ya zahanati. Fundi alishusha kiatu alichokuwa anakishona, akashika kreti lake kwa mikono miwili, akalivuta nje ya mstari.